Mfupi Nimeshamwacha

2 Februari

Basi kama nilivyokuwa nakwambia kabla hujanikatia simu, Dada, gari lile shemeji yako hakulinunua ili aonekane. Alikuwa nalo kabla hajanijua. Na kuanzia leo nitakuandikia barua, maana barua huwezi kuikata katikati. Ukitaka kuichana, utakuwa umeshaisoma.

Shikamoo kwanza. Mama anaendeleaje na goti lake? Mtoto wa kaka ameshaanza kutembea au bado anajiburuza kwa makalio? Sisi huku wazima, tena wazima kupita kiasi. Nimeweka cherehani yangu kwenye chumba cha mbele, dirisha linatazama barabara, na kazi za mapazia zimeanza kuja zenyewe.

Kuhusu shemeji yako sijui nianzie wapi. Unajua kazi yake ni kusaga vioo vya miwani. Siku nzima anatazama macho ya watu, akirudi nyumbani ananiita mboni. Si mke wangu, si mpenzi. Mboni. Juzi alinitoa uzi uliokuwa umening'inia kwenye nywele, nikadhani atautupa. Akautia mfukoni. Uzi wa pazia, Dada, akauweka mfuko wa shati, upande wa moyo. Nilishindwa kupika.

Sasa nina shida ya dukani kwako. Anataka kulibadilishia gari pua. Anasema injini inavuta hewa kupitia boksi jeusi la plastiki, na hewa yenyewe imeshapata moto humohumo chini ya boneti, kwa hiyo gari linapumua kama mtu aliyejifunika blanketi. Anataka kulitoa boksi, afunge mrija wa hewa baridi wenye kichujio cha umbo la koni kwenye ncha. Iko ya aina mbili. Mfupi unaishia palepale chini ya boneti. Mrefu unashuka mpaka nyuma ya bampa kutafuta ubaridi chini. Shemeji yako halali usingizi. Tukiwa mezani ananiuliza, "Mfupi au mrefu?" kwa sauti ya mtu anayetafuta jina la mtoto.

Wewe unauza spea. Tuchagulie.

Mdogo wako mwenye raha


13 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Simu sikukata, mteja aliingia. Mteja alikuwa na haraka na mimi nilikuwa na hasira, yote mawili ni kweli.

Goti la Mama limepungua uvimbe, sasa analalamikia kiuno. Mtoto wa kaka anatembea, na hatua zake za kwanza zilielekea barabarani kama baba yake.

Achukue mfupi. Ni kweli mrefu unapata hewa ya baridi zaidi, na injini ikivuta hewa ya baridi inapata nguvu. Lakini pua yake iko chini. Wewe mwenyewe ulinieleza barabara yenu inashuka bondeni na mvua ikinyesha maji yanasimama. Mrefu utakunywa maji. Injini ikinywa maji haikohoi, inavunjika mifupa. Ikitokea limezimika ndani ya maji, mwambie asiwashe tena, atoe plagi za injini kwanza ili maji yatoke. Akifunga mfupi aukingie joto kwa kipande cha bati. Sensa ya hewa, kile kidude kinachoipimia injini hewa, aihamishe kwa mikono safi. Klipu za mrija azikaze, zikilegea injini itakula vumbi.

Hayo ya dukani. Sasa ya kwangu. Mwanamume anayejiandaa kuoa anakaa na gari la milango miwili? Milango miwili ni ya watu wawili wasiomtarajia wa tatu. Na anayetaka gari lake livume, anataka nani amsikie? Nauliza tu. Msalimie Bwana Milango Miwili.

Dada yako


11 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mmeisikia huko? Mrija tumeufunga, na sauti yake naamini imefika mpaka dukani kwenu.

Kwanza habari za nyumbani. Sebule tumeipaka rangi ya maziwa. Nimepata kazi ya mapazia ya ukumbi mzima, kitambaa kimejaa chumba mpaka nalala nacho. Na usimwite Bwana Milango Miwili, kwa sababu nilimwambia, akacheka, sasa anajiita hivyo mwenyewe.

Tulifunga Jumamosi asubuhi mbele ya nyumba. Alitandika shuka kuukuu chini, akachomoa waya wa betri, akalifungua lile boksi jeusi na kulinyanyua taratibu kama daktari anayetoa jino. Sensa akanipa mimi. "Shika kama yai." Nikaishika kama yai, nimesimama juani nikiwa na furaha ya kijinga kabisa. Mrija wenyewe unang'aa, ukijitazama unajiona una paji la uso kubwa. Akavisha mipira ya kuungia, akafika kwenye klipu, akawa amesahau saizi aliyotumiwa na fundi. Mikono imejaa grisi. "Fungua simu, mboni, nisomee."

Nikafungua. Kabla sijaufikia ujumbe wa fundi nikaona mwingine, alioutuma yeye siku moja kabla. Uliandikwa hivi: "Mfupi nimeshamwacha. Sasa niko na Mrefu. Mke wangu hajui."

Dada, nilijiuma mdomo nisicheke. Kumbe nilipomwambia umesema mfupi, akaitikia "Dada ameshaamua, yameisha", alikuwa ananidanganya mchana kweupe. Nikamsomea saizi ya klipu, nikanyamaza. Halafu nikachungulia, na kweli mrija umeshuka mpaka nyuma ya bampa. Ni mrefu. Umekaidiwa, Dada. Msamehe, ni mapenzi ya hewa baridi.

Klipu ya mwisho nilikaza mimi, mkono wake juu ya wangu. Alipowasha na kukanyaga mafuta, gari lilivuta pumzi kwanza, ndefu, kisha likanguruma. Sasa namsikia tangu kule kona. Natoa mguu kwenye cherehani, nasikiliza, nakimbilia kioo.

Mdogo wako


19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima. Mtoto wa kaka ana meno manne na amemwuma kila mtu.

Barua yako nimeisoma dukani, nikaenda nayo nyumbani nikaisoma tena. Wewe na mimi tulifundishwa na mwalimu mmoja, yule wa kutupiga rula kwa ajili ya upatanisho wa sarufi. Mrija mfupi nimeuacha. Si nimemwacha. Hakuna mrija duniani unaoachwa kwa "m". Anayeachwa kwa "m" ana miguu. Na mtu hasemi "niko na mrija". Husema "ninao".

Unasema umeuona mrija ni mrefu. Sawa. Mwanamume anaweza kuwa na mrefu wa gari na Mrefu wa miguu.

Tena wewe ni mfupi. Shuleni ulisimama mstari wa mbele miaka yote. Na ujumbe ulikwenda kwa nani? Hilo hukuniandikia, na wewe huwa hukosi kuniandikia hata rangi ya kandambili.

Siku alipokuja kujitambulisha nilimuuliza mimi mwenyewe, mbele ya wajomba: "Una mzigo wowote tunaopaswa kuujua?" Akanitazama machoni akasema hana. Nilimtilia shaka palepale. Mtu wa umri ule asiye na mzigo wowote ameuficha nyuma ya mlango.

Dada yako


4 Aprili

Mdogo wangu,

Sijapata jibu. Mwenye ofisi ya vifurushi anaapa barua yangu ilipokelewa na kutiwa saini. Mama anauliza kama unaumwa. Nimemwambia una kazi nyingi.

Dada yako


10 Aprili

Dada,

Shikamoo. Siumwi. Mwambie Mama nimemshonea foronya mbili, zitakuja na mtu.

Sikukujibu kwa sababu nilikukasirikia. Nilisema, huyu kaachwa na wa kwake, sasa anataka tukae sote kibarazani tukiwa tumeachika. Nisamehe kwa kuliandika. Nimeliandika kwa sababu nililifikiri.

Kisha nikaanza kusikiliza. Nilikwambia namsikia tangu kona. Sasa sikia. Alasiri gari linanguruma pale kona, mimi natoa mguu kwenye cherehani, nasubiri lipunguze mwendo. Halipunguzi. Linapita nje ya dirisha langu, yeye anapunga mkono kidogo kama mtu mwenye haraka, linashuka bondeni, sauti inazama. Baadaye linapanda tena, linaegesha, anaingia. "Leo wateja walikuwa wengi, mboni." Kabla hajafunga huo mrija asingesikika. Kajifunga kengele yeye mwenyewe.

Na kiti changu cha mbele nakikuta kimesogezwa nyuma. Mimi miguu yangu haifiki huko, unaijua. Nilimuuliza. Akasema alibeba boksi la fremu. Jana nimekuta ganda la chungwa limebanwa pembeni mwa mlango. Mume wangu hali machungwa, yanamchoma midomo.

Naye amezidi kuwa mwema. Ananikanda mabega, ananiletea vifungo vya rangi ninazozipenda. Zamani ningekujazia kurasa mbili kwa vifungo peke yake. Sasa kila akinibusu namkagua kama noti inayotiliwa shaka.

Ujumbe sikuangalia ulikwenda kwa nani. Hapana, niliangalia. Palikuwa na neno moja: "Nyumbani." Na simu yangu mimi hakuiandika hivyo. Mimi ni Mboni.

Wewe ulijuaje, ya kwako?

Mdogo wako


17 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. La kwangu liache lilipo.

Weka nguo chache kwenye mfuko, uusukume chini ya kitanda. Usimuulize tena. Mwanamume akiulizwa mara ya pili anakuwa ameshapanga jibu. Wewe shona na unyamaze. Mvua zinaanza, bondeni maji yatasimama, na mrefu wake una kiu. Siku gari litakapomzimikia huko utajua alikuwa anakwenda mlango gani.

Kitanda chako bado kipo. Mama amekitandika bila kuniuliza kwa nini.

Dada yako


7 Mei

Dada yangu,

Shikamoo, na umshikie Mama goti kwa niaba yangu. Foronya zilifika? Ukumbi umeyapokea mapazia yangu, wanasema yamekaa vizuri. Nakuandikia haya yote ya kawaida kwanza ili mkono uzoee kalamu, kwa sababu yanayofuata ni marefu.

Mvua ilinyesha Jumanne tangu mchana. Alasiri nikasikia pumzi ile pale kona, kisha mngurumo. Likapita dirishani. Safari hii hakupunga mkono. Likashuka, na katikati ya mteremko sauti ikakatika. Haikufifia kama siku zote. Ilikatika kama mtu aliyezibwa mdomo.

Sikuuchukua mfuko. Nilichukua mwavuli.

Nilimkuta mwanzoni mwa bonde. Maji yalikuwa yamefunika kibao cha namba. Yeye amekaa kwenye usukani, kioo amekishusha, na aliponiona nikija alisema kitu kuelekea nyuma, sikukisikia. Kisha mkono wake ukaenda kwenye ufunguo.

Dada, mimi nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyashona wiki nzima, yana pindo na vifungo. Kilichotoka mdomoni ni, "Usiwashe. Dada kasema utoe plagi kwanza."

Akautoa mkono. Tukatazamana, mvua inanipiga miguuni, maji yameingia kwenye viatu. Na hapo, kutoka nyuma ya kiti, sauti ndogo ikauliza:

"Baba, tumeshampita Mama Pazia? Mgongo unaniuma."

Yeye akafumba macho.

Nikainama nikachungulia. Mbele ya kile kiti cha nyuma, ambapo hata kikapu changu hakikai vizuri, palikuwa na wasichana wawili wa shule, wamejikunja sakafuni, mabegi wamejifunika kichwani. Mmoja mdogo wa meno yaliyong'oka. Mwingine mrefu, Dada, mrefu kama mlingoti, magoti yamefika masikioni. Ana nyusi za mume wangu. Sikuhitaji kuambiwa.

"Shikamoo," yule mrefu akasema kutoka sakafuni. Nikaitikia marahaba. Sijui ningefanya nini kingine.

Mama Pazia ni mimi. Wamenipa jina kwa sababu kila alasiri wakifika kona wanaambiwa "Inameni", wanainama mpaka dirisha langu lipite. Kwao ni mchezo. Mdogo aliniambia yeye ndiye bingwa wa kuinama, mwenzake hushindwa kwa sababu ya miguu. Nilimpandisha mgongoni nikamvusha maji, akawa ananisimulia sikioni njia nzima. Wananijua, Dada. Wanajua napenda vifungo vya bluu, wanajua naimba nikishona, wanajua nilipaka sebule rangi ya maziwa. Nyumba nzima kule bondeni inanijua. Mimi ndiye sikujua kitu.

Wanaishi kwa bibi yao, mzaa mama. Mama yao aliachana na mume wangu zamani, anafanya kazi mbali, huwatumia nguo. Asubuhi yeye huwapeleka shule, mdogo kwanza kisha mkubwa, kwa sababu shule zao ni mbili, na alasiri huwarudisha. Kila asubuhi humwandikia bibi, yeye ndiye "Nyumbani", ili asiwe na wasiwasi. Mfupi nimeshamwacha, yaani shuleni. Sasa niko na Mrefu, yaani ndani ya gari, kwenye kiti changu cha mbele. Na "Mke wangu hajui" ni jibu, kwa sababu yule bibi kila siku alimuuliza, "Mkeo ameshajua?" Sarufi yako ilikuwa sawa, Dada. Wana miguu. Sisi tu ndio tuliojaza mengine.

Lakini usidhani nimetabasamu. Bibi alitupatia kanga kavu na chai, akaona aibu kuliko mwanamume mwenyewe, akaenda jikoni akabaki huko. Nikamuuliza mume wangu mbele ya watoto, kwa sauti ya chini, "Kwa nini ulimwambia Dada huna?"

"Dada yako aliniuliza kama nina mzigo," akasema. "Wanangu si mzigo."

Nimekaa na jibu hilo tangu Jumanne. Nikiwa nashona naliona ni jibu la mtu mwema. Nikilala naliona ni jibu la mjanja aliyetafuta neno la kupenya. Wewe ulilisikia swali lako likitoka mdomoni mwako, utaniambia ni lipi.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Mimi sikukuuliza kuhusu mzigo. Mimi uliniita mboni."

Akasema alitaka nimzoee kwanza. Akasema kila wiki alipanga kuniambia wiki inayofuata, na kadiri nilivyozidi kuwa na furaha ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu. Nikamwambia furaha yangu asiitumie kama kisingizio, ni yangu, niliitengeneza mwenyewe. Nikamuuliza kuna nani mwingine. Akasema hakuna. Nimemwamini nusu, nusu nyingine nimeiacha wazi.

Kitu kimoja ndicho kilichonitoa machozi, na si yeye. Ni yule mrefu. Aliposimama kwenye ile sebule alisimama ameinama, mabega mbele, kama bado yuko ndani ya gari. Bibi yake anasema siku hizi anatembea hivyo. Nikamgeukia mume wangu nikamwambia, "Ukipita tena mbele ya dirisha langu na watoto wamelala sakafuni, usipande kilima kurudi." Akasema ndiyo. Sikumwachia aseme zaidi.

Gari liko gereji. Fundi alitoa plagi, maji yakaruka mpaka ukutani, akasema lingewashwa mara moja tu injini ingekuwa chuma chakavu. Sasa anafunga mfupi, wenye bati la kukinga joto, kama ulivyosema. Shemeji yako alitaka nikashike sensa. Nikamwambia ashike mwenyewe, kama yai.

Sijamsamehe. Sijaondoka pia. Mfuko upo chini ya kitanda na yeye anajua upo, analala juu yake kila usiku. Alasiri wasichana wanapitia kwangu kwa miguu. Mdogo ananiokotea pini, mkubwa nampima mabega kila siku kwa utepe na kumwambia asimame vizuri, vipimo vinaharibika. Anadhani namshonea gauni. Itabidi nimshonee kweli.

Umeniandikia kitanda changu kipo. Kinatosha watu watatu? Kabla mwezi huu haujaisha shule zitafunga, na bibi yao ameshakubali. Tunakuja kwa basi la mchana, mimi na wao. Yeye hajaalikwa, nimemwambia abaki na injini yake, tutazungumza nikirudi. Usimhoji Mfupi, atakujibu yote, na usimwambie Mrefu ni mrefu. Wewe simama tu pale stendi utazame madirishani. Tutakuwa upande wako, sote watatu tumekaa wima.

Mdogo wako